Kurekodi Albamu ya Roki Katika Nyumba ya Porini: Mwongozo Kamili kwa Bendi ya Watu Wanne

Mwaka 2019 bendi ya Big Thief kutoka Marekani ilitoa albamu mbili. Ya kwanza, U.F.O.F., ilirekodiwa Bear Creek, studio iliyo katikati ya miti huko Woodinville, jimbo la Washington, eneo la mvua na ukungu. Siku chache baada ya kuimaliza, watu walewale wanne walikwenda Sonic Ranch, studio iliyo ndani ya shamba la miti ya pekani huko Tornillo, Texas, karibu na mpaka wa Mexico, wakarekodi Two Hands kwenye joto la jangwani. Zisikilizeni zikifuatana. Ya kwanza ina tabaka nyingi na mwangwi mrefu. Ya pili ni kavu na ya karibu, kana kwamba bendi imekaa sebuleni kwenu. Wapigaji ni walewale. Kilichobadilika ni mahali, na namna walivyokaa humo.

Kwa hiyo ichukulieni nyumba mnayokwenda kurekodia kuwa ala mojawapo ya albamu. Bendi inayobandika sponji kila ukuta ili nyumba ifanane na studio ya mjini inafuta kile ilichokifuata huko. Mwongozo huu ni wa bendi ya roki ya indie yenye dramu, gitaa la besi na magitaa mawili, mmoja wa wapiga gitaa akiwa ndiye mwimbaji, yenye siku 10 na kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti za maiki kwenye kompyuta) ya chaneli 8.

Kuchagua nyumba

Laleni hapo usiku mmoja kabla ya kulipia siku 10. Mchana peke yake hautoshi, kwa sababu nyumba iliyotulia saa 5 asubuhi inaweza kuwa na chura dirishani saa 2 usiku. Rekodini dakika 5 za ukimya mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 3 usiku. Kisha sikilizeni kwa hedifoni huku sauti ikiwa juu. Nyenje na panzi ndio wasumbufu wakubwa kwenye joto, kwani mlio wao mara nyingi hukaa kati ya 3 na 6 kHz (mitetemo 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde), palepale penye matamshi ya mwimbaji. Ukiukata mlio huo, unakata na maneno. Njia pekee ni kurekodi sauti ya kuimba katika saa ambazo wadudu wamenyamaza.

Angalieni paa. Nyumba nyingi za mashambani kwetu zimeezekwa kwa mabati, na mvua ikigonga bati lisilo na dari hakuna maiki itakayowaokoa. Kama kuna dari ya mbao au jipsamu yenye nafasi juu yake, mvua ndogo inavumilika. Kama hakuna, msiende wakati wa masika.

Halafu pimeni chumba kwa futi kamba. Mawimbi ya sauti hurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana na kujijenga kwa masafa (mitetemo kwa sekunde, yaani Hz) ambayo ni 343, kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya umbali wa kuta hizo kwa mita. Chumba cha mita 3.5 kitavuma kwenye 49 Hz, na hiyo ni noti ya G ya chini ya gitaa la besi. Kikiwa cha mraba, mita 3.5 kwa 3.5, kuta zote nne zinavuma noti ileile: kila mpiga besi akigusa G chumba kitanguruma, na akigusa A sauti itapotea. Watu humlaumu mpiga besi kumbe ni kuta. Tafuteni chumba chenye urefu, upana na kimo visivyolingana wala kugawanyika sawasawa, kwa mfano mita 6.2 kwa 4.7 na dari ya mita 3.5. Dari ya chini ndiyo inayofanya dramu zisikike kama zimefunikwa na sanduku.

Pigeni makofi mkitembea chumba chote. Mlio mwembamba unaotetemeka kama waya unamaanisha kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Hilo linarekebishika kwa rafu ya vitabu au blanketi moja zito upande mmoja. Mngurumo wa chini haurekebishiki kwa blanketi wala godoro, kwa kuwa mawimbi yake yana urefu wa mita 5 hadi 8. Yanahitaji pamba ya madini yenye unene wa sentimita 10 au zaidi, imesimamishwa kwenye pembe za chumba na kuachwa na nafasi nyuma yake. Fremu nne za sentimita 60 kwa 120, zilizofunikwa kitambaa kinachopitisha hewa, zinasaidia. Sponji zenye umbo la trei ya mayai zinazouzwa madukani hunyonya sauti za juu tu, na chumba kikibaki na besi peke yake kinakuwa kibaya kuliko kilivyokuwa.

Umeme

Safari nyingi huharibikia hapa, basi someni sehemu hii mara mbili.

Jumlisheni matumizi. Kompyuta mpakato wati 65, kadi ya sauti 40, amplifaya mbili za valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) zenye nguvu ya wati 20 hivi kila moja hunywa takriban 120 kila moja, spika za kusikilizia 100, kigawanyaji cha hedifoni 10, taa 50. Jumla ni kama wati 500. Gitaa la besi litaingia moja kwa moja kwenye kadi kupitia kisanduku cha DI (kinachounganisha ala na kadi bila maiki), kwa hiyo halina amplifaya ya kuhesabu. Jenereta ya inveta ya kilowati 2 inabeba mzigo huo bila kuhema. Isichoweza kubeba ni hayo pamoja na birika la umeme, ambalo peke yake hula karibu kilowati 2. Chai ichemshwe kwa gesi au mkaa, na mpishi aambiwe siku ya kwanza.

Jenereta inayotoa desibeli 60 kwa umbali wa mita 7 itashuka hadi 54 kwa mita 14, 48 kwa mita 28, na 42 kwa mita 56. Kila umbali ukizidi mara mbili mnapunguza desibeli 6. Iwekeni mita 50 hivi, nyuma ya kichuguu au ukuta wa banda, bomba la moshi likitazama mbali na nyumba. Waya uwe wa milimita 2.5 mraba, wenye nyaya tatu ndani, mojawapo ikiwa ethi, na ukunjuliwe wote. Waya uliobaki umeviringwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki inayeyuka.

Vifaa vyote vya sauti vichukue umeme kutoka soketi moja ya ukutani, kwa ekstensheni zinazoanzia hapo. Vikichukua kutoka vyumba viwili tofauti, ethi mbili huunda mzunguko na mtasikia mvumo wa 50 Hz kila mahali. Mtu akishauri mkate ethi ya amplifaya ili mvumo uishe, mkatalieni kabisa. Ethi hiyo ndiyo inayomlinda mpiga gitaa ambaye mkono wake uko kwenye nyuzi na midomo yake inagusa maiki. Ikiwa imekatwa na amplifaya ina hitilafu, umeme utapitia kifuani mwake. Mvumo uondolewe kwa kisanduku cha DI chenye kitufe cha kutenganisha ethi ya mawimbi, ambacho hakigusi ethi ya usalama. Taa zinazopunguzwa mwanga kwa kuzungusha na chaja za simu nazo hutia mlio kwenye magitaa. Zichomoeni kabla ya kutafuta mchawi.

Wekeni pia njia ya kurekodi bila umeme wa nyumba. Big Thief walipokuwa wakitengeneza albamu yao ya 2022, iliyorekodiwa katika sehemu nne tofauti za Marekani, dhoruba ilikata umeme walipokuwa New York ya mashambani. Walichomeka kirekodi cha tepu chenye chaneli nne kwenye kiwashio cha sigara cha gari la piki-apu na kurekodi kibarazani wimbo ulioingia kwenye albamu. Kwenu inatosha kirekodi kidogo cha betri chenye maiki mbili, pamoja na betri 8 mpya.

Kabla ya kuondoka

Wiki nne kabla, rekodini kila wimbo kwa simu mkiwa mazoezini, kisha msikilize bila ala mkononi. Nyimbo ambazo bado zinabishaniwa muundo zisipelekwe porini, kwa sababu huko ubishi hugharimu siku nzima. Bebeni nyimbo 14 ili mpate 10. Andikeni kasi ya kila wimbo kwenye karatasi hata kama hamtatumia metronomu, ili teki (wimbo uliopigwa na kurekodiwa mara moja) ya Jumanne na ya Jumatano ziweze kuunganishwa.

Ngozi mpya za dramu zifungwe siku mbili kabla ya kurekodi, kwani hulegea saa za mwanzo. Seti tatu za nyuzi kwa kila gitaa, seti moja ya ziada ya besi. Jozi sita za vijiti. Valvu za ziada za amplifaya na fyuzi zake. Nyaya za maiki 12 kwa maiki 8, maana mbili zitakufa na mbili hazitafika. Tepu ya kitambaa, kamba ya mita 3, futi kamba, tochi.

Maiki hazihitaji kuwa za bei. Justin Vernon alipojifungia katika kibanda cha uwindaji cha baba yake kaskazini-magharibi mwa Wisconsin majira ya baridi ya 2006 hadi 2007, alirekodi albamu ya kwanza ya Bon Iver kwa maiki ya kawaida ya Shure SM57, gitaa la zamani la Silvertone na kadi ndogo ya sauti. Kwa bendi ya watu wanne mgawanyo ni huu: dramu chaneli 4, besi 1, magitaa 2, sauti 1. Chaneli 8 zimeisha. Mkitamani maiki ya chumba, ondoeni ile ya snea (dramu ndogo yenye mlio mkali), na mara nyingi hamtaikosa.

Nafasi ya diski: kwa 24-biti na 48 kHz, chaneli moja hula megabaiti 8.64 kwa dakika. Chaneli 8 kwa saa moja ni gigabaiti 4.1. Mkirekodi saa 5 kwa siku, siku 10 ni gigabaiti 207. Nunueni diski mbili za terabaiti 1.

Kupanga bendi chumbani

Dramu zikae kwenye theluthi ya urefu wa chumba, juu ya zulia la mita 2 kwa 2. Katikati kabisa besi hupotea, pembeni huvimba. Wengine wakae nusu duara wakimtazama mpiga dramu, kwa umbali wa mita 2 hadi 3. Sauti husafiri mita moja kwa takriban milisekunde 2.9, hivyo mpiga gitaa aliye mita 7 kutoka kwenye dramu anamsikia mwenzake milisekunde 20 baadaye, na mdundo unaanza kulegea bila mtu kujua kwa nini.

Amplifaya ziinuliwe kwenye kiti au kreti, kisha zigeuzwe ili mgongo wake uelekee dramu. Maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme, kama SM57) iwe sentimita 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, ikilenga mahali koni inapokutana na kofia ya katikati. Mkiisogeza nje kuelekea ukingo, ukali unapungua. Sogezeni maiki kwanza, vitufe vya amplifaya baadaye.

Sauti ya kuimba ndiyo ngumu. Dramu zitaingia ndani yake, na kila mkiikandamiza sauti ili ilingane wakati wa kuchanganya, matoazi yatapanda nayo. Maiki ya kawaida husikia mbele na ni kiziwi mgongoni, basi mgongo wake uzitazame dramu na mwimbaji aimbe kwa umbali wa sentimita 5 hadi 8. Maiki ya riboni (yenye utepe mwembamba wa chuma ndani) husikia mbele na nyuma, na ni kiziwi ubavuni. Hiyo isimamishwe dramu zikiwa ubavuni. Riboni za zamani zisipelekewe umeme wa volti 48, kwani waya mbovu hutosha kuukata utepe wake. Baada ya hayo yote, dawa kubwa kuliko maiki yoyote ni mpiga dramu kupiga matoazi kwa upole. Apige snea kwa nguvu kama kawaida, matoazi kwa nusu ya nguvu. Mazoezi ya wiki mbili kwa namna hiyo yana faida kuliko kukodi vizuizi vya sauti.

Mkirekodi pamoja hivi, kosa la mmoja linakaa kwenye maiki zote, na halifutiki. Hiyo ndiyo bei. Two Hands ilirekodiwa karibu yote kwa bendi kupiga pamoja, na nyongeza chache mno, na ukaribu unaousikia humo umetoka kwenye bei hiyo. Bendi isiyoweza kumaliza wimbo mzima bila kukosea irudi mazoezini kwanza.

Maiki nne za dramu

Njia ya fundi sauti Mwingereza Glyn Johns inafaa sana nyumbani. Maiki ya kwanza iwe juu ya snea, kimo cha sentimita 100 hadi 120, ikitazama chini kati ya snea na pedali ya kiki (dramu kubwa inayopigwa kwa mguu). Shikeni kamba kwa kidole katikati ya snea, mpime hadi maiki hiyo, mfunge fundo. Kamba hiyohiyo, bila kuinua kidole, ipelekeni upande wa tomu ya chini (dramu pana inayosimama sakafuni) hadi fundo lifike: maiki ya pili ikae hapo, sentimita 15 hivi juu ya ukingo wa tomu, ikitazama snea. Umbali ukilingana, snea inafika kwenye maiki zote kwa wakati mmoja na inabaki katikati. Ukitofautiana hata kwa sentimita 10, inakonda. Maiki ya tatu iwe mbele ya kiki, ya nne sentimita 4 juu ya snea.

Kisha angalieni fezi, yaani kama mawimbi ya maiki mbili yanapanda na kushuka pamoja. Sikilizeni maiki ya juu na ya kiki pamoja, mbonyeze kitufe cha kugeuza fezi cha kiki. Upande wenye besi nyingi ndio sahihi. Fanyeni hivyo kwa kila maiki, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya dakika 10, na bendi nyingi huiruka halafu hutumia wiki kutafuta besi iliyopotea.

Kama nyumba ina ngazi za mawe au ukumbi mrefu, jaribuni dramu huko. Headley Grange, nyumba ya Hampshire iliyojengwa 1795 kuwa makazi ya maskini, ilikuwa na ukumbi wa namna hiyo. Fundi Andy Johns aliziweka dramu za John Bonham chini ya ngazi na kutundika maiki mbili tu za Beyerdynamic M160 juu yake. Mlio huo ulitoka katika albamu ya nne ya Led Zeppelin mwaka 1971 na unaigwa hadi leo. Njia hii hufaa nyimbo za mwendo wa polepole tu. Kwenye wimbo wa kasi mwangwi hufunika pigo linalofuata.

Siku za kurekodi

Siku ya 1 ni ya kupanga na ya 2 ni ya kutafuta sauti. Msirekodi chochote cha kudumu siku hizo hata mkiwa na hamu. Siku ya 3 hadi ya 7, nyimbo mbili kwa siku. Ya 8 na ya 9 nyongeza, ya 10 akiba.

Kilele cha sauti kiwe kati ya desibeli -12 na -10 kwenye kipimo cha programu, hapana zaidi. Bendi ikipasha huongeza nguvu, na kilichopasuka hakishoneki. Bafa ya programu (sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzicheza) iwekeni 128, ambayo ni milisekunde 2.7 kwa 48 kHz, au tumieni usikilizaji wa moja kwa moja wa kadi. Hedifoni ziwe zilizofungwa. Zile zilizo wazi huvujisha metronomu, na mtaisikia kwenye sekunde za mwisho za kila wimbo mtulivu.

Kabla ya kila teki, wote wasawazishe nyuzi. Pigeni teki tatu, sikilizeni, pigeni mbili zaidi. Kama ya tano haijafika, hamieni wimbo mwingine. Ya kumi na mbili huwa safi na imekufa. Mtu mmoja aandike daftarini: namba ya teki, saa, nani kakosea wapi. Majina ya faili yawe na namba na tarehe. Jina kama “mpya mwisho kabisa” litawapoteza.

Unyevu ni adui wa kimyakimya. Asubuhi zenye ukungu, kama za Lushoto au Limuru, maiki za kondensa (zile nyepesi kuhisi, zinazotumia umeme wa volti 48) hutoa milio ya kukwaruza, kwa sababu maji hutengeneza njia ya umeme ndani ya kapsuli. Usiku zikae kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika. Asubuhi ziwashwe nusu saa kabla ya kazi. Magitaa ya mbao yasiachwe sakafuni. Pwani, nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila mnapopumzika, kwani chumvi huzila ndani ya siku tatu.

Mvua ikianza, msikae kuitazama. Rekodini upya besi kupitia DI, kinanda cha umeme, chochote kisichohitaji maiki.

Siku za nyongeza, tumieni vyumba vilivyobaki kuwa vyumba vya mwangwi. Wekeni spika moja bafuni ikitazama ukuta, maiki mita 2 hadi 3 mlangoni, mcheze humo sauti ya kuimba peke yake huku mkirekodi chaneli mpya. Mwangwi huo una umbo la nyumba ileile iliyobeba dramu, na hukaa pamoja nazo kuliko wa programu. Au mwimbaji asimame humo mwenyewe: bendi ya Radiohead ya Uingereza walipokuwa St Catherine's Court, jumba la zamani karibu na Bath, mwaka 1996, mwimbaji wao Thom Yorke aliimba wimbo mmoja wa albamu ya OK Computer kwenye ngazi za mawe, na mwangwi unaosikika ni wa ngazi hizo.

Kabla ya kufungasha

Kila jioni nakala iende diski ya kwanza na ya pili, na diski mojawapo ilale gari tofauti na la kompyuta. Siku ya 10, kabla ya stendi yoyote kukunjwa, rekodini mapigo manne ya kila dramu na kila toazi moja moja, kwa nguvu na kwa upole, na mwache kila pigo lizimike lenyewe. Rekodini sekunde 30 za chumba kitupu kwa maiki zote. Zitahitajika kuziba mapengo kati ya nyimbo. Pigeni picha kila maiki na kila kitufe cha amplifaya, futi kamba ikionekana kwenye picha. Kisha fungueni diski ya pili kwenye kompyuta nyingine, mcheze wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho chaneli zote. Ukicheza wote, zimeni jenereta.